Wazee wetu wasiachwe wapofuke wakingoja "leza"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie neno ambalo nimelisikia msibani, kwenye daladala na hata kwenye benchi la kliniki ya macho: kwamba siku hizi mtoto wa jicho, yaani lenzi ya ndani ya jicho iliyofifia, hutolewa kwa "leza", na kwamba anayekubali kupasuliwa kwa mkono katika hospitali ya mkoa amejitoa kafara. Nilikuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka 30, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumikia katika chumba cha upasuaji wa macho, nikisimama kando ya mpasuaji na kumkabidhi vifaa. Maneno ya kwenye daladala nimeyazoea na ningeweza kuyapuuza. Haya niliyoshindwa kuyapuuza ni yale yaliyoingia nyumbani kwetu, yakamgharimu shangazi yangu jicho moja.

Shangazi yuko Pangani, umri wake umepita miaka 70, na tangu usichana wake amekuwa akishona kofia za mkono, zile za vitobo ambazo kofia moja humchukua mshonaji majuma kadhaa. Dalili ya kwanza tuliiona kwenye kofia hizo. Vitobo vilianza kupishana, kimoja kikubwa kingine kidogo, na mteja wake wa miaka mingi akamrudishia kofia kwa adabu akisema haimtoshi. Baadaye akawa analalamika kwamba taa za magari zina miviringo na kwamba mchana wa jua humwumiza kuliko jioni. Alipopimwa, macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, la kushoto likiwa limetangulia, akapewa tarehe ya kurudi kupasuliwa. Hakurudi. Mwanawe anayefanya kazi Muscat alipiga simu akakataza: mama asiguswe na kisu, huko aliko watu hutolewa kwa leza kwa dakika chache, yeye mwenyewe atamtumia tiketi. Mimi nilisema niliyoyasema, lakini kila mwenye ukoo anajua kwamba katika mashauri ya mgonjwa anayetuma fedha ndiye mwenye kauli, na mtoto wa kaka, hata akiwa muuguzi, husikilizwa baada ya mtoto wa kuzaa.

Ikawa kungoja pasipoti, kisha viza, kisha likizo ya binamu, kisha mkopo wake wa kazini. Mwaka ukapita na nusu ya mwaka wa pili. Wakati wa masika Shangazi aliamka usiku na maumivu ya kichwa upande wa kushoto, akatapika hadi asubuhi. Zahanati moja ikampa dawa za malaria bila kumpima damu na bila mtu yeyote kumwangalia jicho, ingawa lilikuwa jekundu na yeye mwenyewe alikuwa amelifunika kwa kiganja. Siku ya tatu ndipo nilipofika kwa basi. Kioo cha mbele cha jicho kilikuwa kimefifia kama chemni ya taa iliyoshika mvuke, na nilipolibonyeza kope kwa ncha za vidole nilihisi jicho gumu kama gololi. Hospitalini walipima presha ya jicho wakakuta imepita 50, ilhali kwa kawaida haizidi 21. Lenzi iliyozeeka ilikuwa imevimba, ikasukuma mboni mbele na kuziba njia ambayo maji ya ndani ya jicho hutokea. Waliishusha presha ile, wakaitoa lenzi, maumivu yakaisha. Neva iliyokuwa ikipeleka picha kwenye ubongo ilikuwa imekwisha kufa. Jicho la kushoto la Shangazi leo halitambui hata mwanga wa tochi, na hakuna leza, mashine wala fedha ya nchi yoyote itakayolirudisha.

Jicho la kulia lilipasuliwa majuma sita baadaye, kwa mkono, katika hospitali ile ile ya mkoa iliyompa tarehe mwanzoni, na aliyempasua ni daktari msaidizi aliyesomea upasuaji wa mtoto wa jicho. Kwa kuwa wenzangu bado wananijua niliruhusiwa kuvaa gauni na kusimama pembeni. Naomba nieleze nilichokiona, kwa sababu naamini watu wengi wanaposikia "upasuaji wa mkono" wanawaza kisu kinachochana jicho zima na nyuzi nyingi za kushonea, kama ilivyokuwa zamani, na hofu yao ina msingi kwa mambo ya zamani.

Kwanza alidungwa sindano ya ganzi kando ya jicho, akabaki macho na mwenye fahamu zake, akiambiwa asikohoe bila kutoa taarifa. Jicho lilioshwa kwa iodini ya povidoni ya asilimia 5, kisha likafunikwa shuka lenye tundu. Dawa hiyo ya bei ndogo huachiwa dakika chache ifanye kazi, na katika yote yanayofanywa kuzuia usaha kuingia ndani ya jicho hakuna kinachoizidi kwa ulinganisho wa gharama na faida, jambo ambalo wauguzi wenye haraka hulisahau. Chini ya hadubini, daktari alifunua ngozi laini inayofunika sehemu nyeupe ya jicho, akakata mstari wa kama milimita 6 hadi 7, uliopinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Mstari huo haukupenya. Alichukua kisu kidogo chenye umbo la mwezi mwandamo, akakipitisha kwa ubapa ndani ya unene wa ukuta wa jicho, akichimba njia nyembamba kuelekea mbele mpaka ndani ya kioo kiangavu, na huko ndiko alikopenyeza kuingia ndani. Njia hiyo ndefu na ya ubapa ndiyo siri ya upasuaji wote. Mdomo wake wa ndani hufanya kazi kama vali ya baiskeli: kadiri presha ya ndani inavyosukuma ndivyo unavyojifunga, na kwa hiyo jeraha halihitaji uzi hata mmoja.

Akajaza nafasi ya mbele ya jicho kwa dawa nzito inayofanana na ute wa yai, ili vifaa visikwaruze chembe laini zilizo nyuma ya kioo. Akafungua utando wa mbele wa mfuko wa lenzi kwa duara, akapitisha maji kidogo kuitenganisha lenzi na mfuko wake, akaizungusha ikatoka mfukoni na kukaa mbele ya mboni. Kisha akaingiza kijiko chembamba chenye matundu ya maji chini ya lenzi, akakivuta taratibu huku maji yakisukuma kutoka ndani. Kiini kikatelezea nje kwa ile njia. Kilikuwa cha rangi ya kahawia iliyoiva, kama chai ya rangi iliyochemka mara mbili, na muuguzi alipokidondosha kwenye bakuli la chuma kililia, tik, kama punje ya mchele usiopikwa. Kina ukubwa na umbo la punje ya dengu, na si ajabu, kwani neno "lenzi" lenyewe limetoka katika jina la dengu kwa Kilatini, na lile la "fako" ambalo madaktari wetu hulitumia kuutaja upasuaji wa mashine linatokana na jina la dengu kwa Kigiriki.

Mabaki laini ya lenzi yalifyonzwa kwa mrija wenye njia mbili, moja ya kuingiza maji na nyingine ya kuvuta. Ndipo ikaingizwa lenzi bandia ya plastiki, yenye kipenyo cha milimita 6 na mikono miwili myembamba ya kujishikilia ndani ya ule mfuko. Ute ulitolewa, jicho likajazwa maji, jeraha likajaribiwa kwa kusukumwa kidogo kuona kama linavuja. Halikuvuja. Sikuangalia saa alipoanza, lakini kutoka kukata hadi kufunga bandeji hapakufika robo saa.

Asubuhi ya pili bandeji ilipoondolewa nilikuwapo. Shangazi hakupiga vigelegele wala kulia kama tunavyoonyeshwa kwenye televisheni. Mjukuu wake alikuwa amesimama mlangoni na kanzu nyeupe. Alimtazama kwa jicho lililopasuliwa, akaligeukia shuka la kitanda, akauliza kwa nini hospitali wamebadilisha mashuka usiku. Hayakuwa yamebadilishwa. Kwa miaka kadhaa lenzi yake ilikuwa ya njano iliyoelekea kahawia, ikizuia rangi ya bluu isifike ndani, naye alikuwa ameingia wodini akidhani amelalia shuka la kijani.

Sasa nirudi kwenye neno "leza". Njia ambayo binamu yangu aliisifu, na ambayo hospitali za binafsi huitangaza kwa jina hilo au kuwaacha wateja wadhani hivyo, kwa kawaida haitumii leza kuivunja lenzi. Hutumia ncha ya chuma inayotetemeka kwa kasi ya mawimbi ya sauti yasiyosikika, ikaivunja lenzi ndani ya jicho vipande vipande na kuvifyonza. Aliyeibuni mwaka 1967 ni daktari Charles Kelman wa New York, na wazo alilipata kwa daktari wake wa meno, aliyemsafisha ukoga kwa kifaa kinachotetemeka namna hiyo. Leza ipo kweli katika shughuli hizi, lakini kwa kazi nyingine. Kuna leza ya kutoboa utando unaoweza kufifia nyuma ya lenzi bandia miezi au miaka baada ya upasuaji, kazi ya dakika chache isiyohitaji kisu, na nadhani hiyo ndiyo chanzo cha hadithi nyingi za "nilitolewa kwa leza". Kuna pia leza ya kisasa inayosaidia hatua za mwanzo za kukata, ambayo utafiti mkubwa wa hospitali za vyuo vikuu vya Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2020, haukuiona kuwa na matokeo bora kuliko mashine ya kawaida.

Mashine ya fako yenyewe ni chombo kizuri na sitaki mtu adhani naisema vibaya. Jeraha lake ni la milimita 2 hadi 3 tu, lenzi huingizwa ikiwa imekunjwa, jicho hutulia mapema na upindaji wa kioo unaosababishwa na jeraha huwa mdogo. Kwa mgonjwa wa miaka 55 anayekuja na lenzi laini iliyoanza tu kufifia, na mwenye uwezo wa kulipa, mimi mwenyewe ningemshauri aichague. Tatizo ni kwamba wagonjwa wetu wengi hawaji hivyo. Wanakuja wakiongozwa na mjukuu kwa fimbo, lenzi nyeupe kama tui au ngumu ya rangi ya kahawia, na lenzi ya namna hiyo huidai mashine nguvu nyingi na muda mrefu, na nguvu hiyo ni joto na mtikisiko unaoua chembe za nyuma ya kioo, ambazo mtu akizipoteza mwilini mwake hazioti tena. Vilevile mfuko wa lenzi ukipasuka katikati ya kazi, kipande kigumu kinaweza kuzama nyuma ya jicho, na wa kukitoa huko ni bingwa wa sehemu ya nyuma ya jicho, ambaye hapatikani ila katika hospitali chache mno. Mashine pia inahitaji umeme usiokatika, fundi, na vifaa vya kununua upya kila siku. Nimewahi kuona mashine ya namna hiyo katika hospitali moja ikiwa imefunikwa shuka safi miezi mingi, ikingoja kipuri.

Linganisho la haki la njia hizi mbili lilikwisha kufanywa. Nepal, nchi ya milima na barabara mbaya, Daktari Sanduk Ruit na wenzake katika kituo cha macho cha Tilganga, kilichofunguliwa Kathmandu mwaka 1994, waliukuza upasuaji huu wa njia nyembamba bila uzi hadi ukawa kazi ya kila siku hata katika kambi za vijijini. Mwaka 2007 jarida moja la Marekani la madaktari wa macho lilichapisha majaribio yaliyofanyika huko kwa wagonjwa 108 wenye mtoto wa jicho aliyekomaa, waliogawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakipasuliwa kwa mkono na nusu kwa mashine, kila kundi likiwa na bingwa wa njia yake. Baada ya miezi 6, waliokuwa wakiona 6/18 au zaidi bila miwani (yaani wakisoma kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukisoma kwa mita 18) walikuwa asilimia 89 kwa upande wa mkono na asilimia 85 kwa upande wa mashine, na wakivalishwa miwani kila upande ulifika asilimia 98. Muda wa wastani mezani ulikuwa dakika 9 kwa mkono na dakika 15 na nusu kwa mashine, na gharama ya mkono ilikuwa ndogo zaidi. Ningependa binamu yangu azisome takwimu hizi kabla ya kunipigia tena.

Ipo imani nyingine iliyo ndugu na hiyo ya leza, nayo ni kwamba mtoto wa jicho sharti angojewe akomae kama embe. Hii haikutoka hewani, ilitoka kwetu sisi watu wa hospitali. Nilipoanza kazi miaka ya 1980 lenzi ilitolewa nzima pamoja na mfuko wake, mara nyingi kwa kuigandishia ncha ya kifaa cha baridi kali, kupitia jeraha lililozunguka karibu nusu ya kioo, kisha mgonjwa alishonwa. Hakuna kilichorudishwa mahali pa lenzi. Aliondoka na miwani minene kama kitako cha chupa, iliyokuza kila kitu kwa kiasi cha robo hivi, kikombe kikaonekana karibu kuliko kilivyo na ngazi za nyumba zikamwangusha. Miwani ikivunjika anarudi kuwa kipofu. Kwa biashara ya namna hiyo ilikuwa sahihi kumwambia mtu mwenye nuru kidogo avumilie kwanza. Leo lenzi huwekwa papo hapo, na anayefaa kupasuliwa ni yule ambaye mtoto wa jicho anamzuia kufanya kazi yake, awe mshonaji, dereva au mwalimu. Tuliwafundisha watu kungoja na hatukurudi kuwafundisha kuacha kungoja.

Lenzi hiyo bandia nayo ina historia ambayo huwa nawasimulia wanafunzi. Harold Ridley, daktari wa London, aliona kwamba marubani wa Vita Kuu ya Pili walioingiwa machoni na vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege walikaa navyo bila jicho kuvikataa, akaiweka lenzi ya kwanza ya plastiki ya aina hiyo mwaka 1949. Wakubwa wa fani walimpinga kwa miaka mingi. Hata ilipokubalika, Afrika iliikosa kwa bei, kwa sababu lenzi moja ilizidi dola 100, mpaka viwanda vilipoanzishwa mahali ambapo wagonjwa wenyewe wapo: Aurolab ya Madurai, India, mwaka 1992, kilichozaliwa na hospitali za Aravind, kisha Kathmandu na Asmara. Bei ikaporomoka hadi karibu dola 10 na baadaye chini ya hapo. Kwa hiyo hiki kinachodharauliwa kuwa "upasuaji wa maskini" kimetokana na watu waliokataa kabisa kwamba maskini apewe kitu duni.

Hata hivyo, Ndugu Mhariri, nitakuwa nimewadanganya wasomaji wako nikisema kila anayepasuliwa kwa mkono anatoka na macho mazuri. Nimeona matokeo mabaya, na mara nyingi kosa halikuwa la njia. Nimeona mahali lenzi ikiwekwa bila jicho kupimwa, kila mgonjwa akipewa nguvu ile ile ya dioputa 21 au 22 kwa kuwa ndiyo iliyojaa kabatini, na mama mwenye jicho refu akaenda nyumbani haoni mbali kwa sababu lenzi yake ilizidi nguvu. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache: urefu wa jicho kwa mawimbi ya sauti na mviringo wa kioo cha mbele, kisha hesabu. Nimeona mpasuaji anayepasua watu wawili kwa mwezi, ambaye mikono yake haiwezi kubaki na wepesi. Nimeona wagonjwa wakiruhusiwa na chupa ya matone bila kuambiwa warudi lini, na kwa hiyo hakuna anayejua waliona au hawakuona. Hapo ndipo ninapoomba mjadala wetu uhamie. Mtu anayempeleka mzazi wake asiulize kama kuna leza. Aulize kama jicho litapimwa kabla ya kuchagua lenzi, aliyeshika kisu hupasua macho mangapi kwa juma, na wangapi kati ya waliopasuliwa mwezi uliopita waliosomeshwa bango la herufi waliporudi.

Swali hilo la mwisho si langu peke yangu. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa mwaka 2021 uliweka lengo kwamba kufikia mwaka 2030 nchi ziongeze kwa pointi 30 za asilimia idadi ya wenye uhitaji wa upasuaji wa mtoto wa jicho wanaoupata na kuona vizuri baada yake, kiwango cha kuona vizuri kikiwa 6/12. Maneno "na kuona vizuri" ndiyo mapya humo. Zamani tulihesabu macho yaliyopasuliwa, na mimi mwenyewe nimeandika taarifa nyingi za mwezi zenye idadi kubwa ya kupendeza zisizosema lolote kuhusu kesho yake.

Kuna jambo la mwisho linalohusu akina mama, ambao kwa ujumla hupata upasuaji huu kwa kiwango kidogo kuliko wanaume ingawa wanaougua ni wengi zaidi. Baba akianza kupapasa ukuta, familia hukaa kikao. Mama akianza kupapasa, anapunguziwa kazi za jikoni na kuambiwa apumzike, amezeeka. Shangazi yangu alikuwa na bahati ya kuwa na mtoto aliyejali. Ila kujali kwake kulimweka kwenye foleni ya ndege wakati foleni ya hospitali ilikuwa kilomita zisizozidi 60 kutoka kwake. Simlaumu binamu yangu mbele za watu. Aliwasikiliza wafanyakazi wenzake na matangazo ya hospitali za huko, wala hapakuwa na chombo chochote cha Kiswahili kilichomweleza kwamba mkono wa mtu aliyefundishwa vizuri ungeweza kumtendea mama yake haki ile ile.

Ninaomba basi gazeti lako lisaidie kwa mambo mawili. Kila mnapochapisha tangazo la kambi ya upimaji wa macho, waulizeni wahusika wataje pia siku ya kuwaangalia upya waliopasuliwa, na mahali watakapopatikana kambi ikishavunjwa, kwa sababu kambi nyingi husifiwa siku ya kufunguliwa na hakuna mwandishi anayerudi. Pili, waombeni waganga wakuu wa mikoa wawape ratiba ya siku za upasuaji wa macho katika hospitali zao, muichapishe mara moja kwa mwezi, hata kwa herufi ndogo pembeni mwa ukurasa wa matangazo ya vifo, ambao wazee wetu husomewa kila asubuhi.

Shangazi anarudi kliniki Jumanne ijayo kuchukua miwani ya kusomea, kwa kuwa lenzi aliyowekewa ni ya kuonea mbali na haiwezi kujirekebisha kwa kazi ya karibu. Kofia ile iliyorudishwa bado anayo. Ameifumua upande wa kushoto.

Wako,

Muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji wa macho,
Tanga